Katikati ya Glasgow, mji uliotuundia meli na treni

Watu wengi wakisikia Scotland wanawaza Edinburgh, ile ngome juu ya mwamba, na sisi Watanzania tuna sababu yetu ya ziada maana Mwalimu Nyerere alisoma pale chuo kikuu kuanzia 1949 hadi 1952, kwa hiyo mtu akija huku kutembea na ana siku moja tu ataenda Edinburgh, atapiga picha, ataondoka zake. Sikatai, Edinburgh ni nzuri. Ila mi nakaa Glasgow na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu: ukitembea katikati ya mji huu unapita kwenye historia yetu sisi watu wa Afrika Mashariki, kwenye majina ya mitaa, kwenye masanamu, kule mtoni, na unaweza kuishi hapa miaka na miaka usijue kwa sababu hakuna kibao kinachokwambia. Basi leo tutembee wote. Vaa koti lenye kofia, mwavuli hapa haukai, upepo utaugeuza kabla hujafika kona ya pili.

Tuanzie Central Station. Ilifunguliwa mwaka 1879, ikaja kupanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na ukisimama katikati ya ukumbi wake ukaangalia juu unaona paa la kioo limetanda mpaka mwisho wa macho, chini yake vibanda vya mbao vilivyopinda kona zake kwa ustadi, vilijengwa hivyo ili msongamano wa watu upite bila kugongana na kingo, na mpaka leo asubuhi watu wanamiminika kushuka kwenye treni wanavizunguka kama maji. Mi napenda sana kukaa pale nikiwa na muda. Kuna saa kubwa inaning'inia, watu wanapeana miadi chini yake, unaona mtu anaangalia simu, anaangalia saa, anaangalia simu, halafu uso unafunguka ghafla, amekuja.

Ukitoka kwa upande wa Argyle Street unajikuta chini ya daraja. Yaani reli zote za stesheni zinapita juu ya kichwa chako na huko chini ni barabara, maduka, mabasi, harufu ya chipsi, giza hata mchana, na juu kabisa ukuta wa vioo wenye maandishi ya dhahabu. Wenyeji wanapaita Hielanman's Umbrella, mwavuli wa mtu wa Highlands, na sababu yake ni ya kusikitisha kidogo. Karne ya 19 watu wa milima ya kaskazini walifukuzwa kwenye mashamba yao ili wenye ardhi wafuge kondoo, wakashuka kwa maelfu kuja Glasgow kutafuta kazi, lugha yao Kigaeli, mji hawaujui, nyumba wanazopanga ni chumba kimoja watu kumi, sasa siku ya mapumziko mtu akitaka kuonana na mtu wa kwao, asikie habari za nyumbani, apate kuongea lugha yake, waende wapi na mvua inanyesha? Wanakutana chini ya daraja. Nikilipita lile daraja huwa nawafikiria sana wale watu. Sisi tulio mbali na nyumbani tunajua vizuri hamu ya kusikia lugha yako mtaani.

Kutoka hapo panda Buchanan Street. Huu ndo mtaa mkuu, hauna magari, watu tu, na unapanda taratibu kutoka mtoni kuelekea juu mpaka kwenye ngazi za ukumbi wa muziki wa Royal Concert Hall ambapo vijana wanakaa wakila hata kukiwa na baridi ya kukata masikio. Kila hatua chache kuna mtu anapiga muziki, mmoja na gitaa, mwingine na ngoma za ndoo, mwingine kavaa kilt, ile sketi ya wanaume wa Scotland, anapiga zile zumari zao za mfuko na sauti inagonga majengo pande zote mbili inarudi. Majengo yenyewe ni ya mawe, mengine mekundu mengine ya rangi ya asali, na ukitaka kuyaona vizuri usiangalie madirisha ya maduka, inua kichwa, juu huko kuna sura za watu zimechongwa, simba, meli, malaika, vitu ambavyo wanunuzi hawavioni kabisa.

Katikati ya mtaa huo, mkono wa kushoto ukiwa unapanda, kuna uwanja mdogo umezunguka kanisa la mawe meusi. Soma kibao: Nelson Mandela Place. Zamani paliitwa St George's Place. Sasa sikiliza kisa chake kwa sababu ni kitu kizuri mno. Glasgow ulikuwa mji wa kwanza duniani kumpa Mandela heshima ya uhuru wa mji, mwaka 1981, wakati huo yuko gerezani na wakubwa wengi wa Uingereza wanamwita gaidi. Ubalozi mdogo wa serikali ya makaburu ulikuwa na ofisi pale pale kwenye uwanja. Mwaka 1986 baraza la mji likabadilisha jina la uwanja likawa la Mandela, kwa hiyo makaburu wale kila barua wanayopokea, kila karatasi yenye anwani yao, ina jina la mtu waliyemfunga. Hakuna risasi, hakuna hotuba ndefu, jina la mtaa tu. Mi nimekulia nchi iliyowapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi kule Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule, wakalima, wengine wakazikwa pale, kwa hiyo siku nilipojua habari ya kibao hiki nilisimama nikakiangalia kwa muda, nikajisikia kama niko na ndugu.

Mandela mwenyewe alikuja Oktoba 1993 kupokea heshima yake, na akacheza jukwaani George Square mvua ikinyesha na watu maelfu wako chini wanapiga kelele. Wazee wa hapa waliokuwepo siku hiyo bado wanaisimulia, ukigusia tu unaletewa na hali ya hewa ilikuwaje.

Lakini ngoja, usiende George Square bado. Rudi chini kidogo, kata kushoto uingie Royal Exchange Square, kuna jengo lenye nguzo kubwa mbele, ni jumba la sanaa za kisasa, na mbele yake sanamu ya Duke of Wellington juu ya farasi, kichwani amevaa koni ya barabarani. Ndiyo, ile koni ya rangi ya machungwa ya kuzuia magari. Sanamu ni ya mwaka 1844, kazi ya mchongaji Carlo Marochetti, na tangu miaka ya 1980 watu wa Glasgow wanapanda usiku wanaiweka koni, asubuhi mji unaiondoa, usiku inarudi. Mwaka 2013 baraza lilitaka kuinua kitako cha sanamu ili watu washindwe kupanda, mradi wa pauni 65,000, watu wakaja juu, wakasaini malalamiko kwa maelfu, mpango ukafa. Msanii Banksy alipofanya maonyesho yake kwenye jumba hilo mwaka 2023 alisema ile koni ndo kazi ya sanaa anayoipenda kuliko zote Uingereza. Wageni wote wanapiga picha hapo na wana haki, ni kitu cha furaha, mji unaomvalisha jenerali koni ni mji usioogopa wakubwa.

Ila wakishapiga picha wanaondoka bila kuangalia nyuma ya farasi. Lile jengo lenye nguzo, sehemu yake ya ndani ilikuwa nyumba ya kuishi ya mtu mmoja, William Cunninghame, ilijengwa mwaka 1778, na mtu huyo alitajirika kwa biashara ya tumbaku, na tumbaku ilitoka Virginia, na Virginia nani alikuwa analima? Watumwa kutoka Afrika. Yeye na wenzake waliitwa mabwana wa tumbaku, walikuwa wanatembea mitaani na majoho mekundu na watu wa kawaida wanawapisha njia. Sasa ukishajua hivyo, vibao vyote vya eneo hili vinaanza kukuongelesha: Buchanan Street ni jina la mfanyabiashara wa tumbaku, Glassford Street hivyo hivyo, Ingram Street hivyo hivyo, halafu kuna Virginia Street, na kuna Jamaica Street ile inayoteremka mpaka darajani, huko ni sukari. Leo eneo hilo ni migahawa na mishumaa mezani na wapenzi wameshikana mikono. Mwaka 2020 vijana walibandika vibao vyao pembeni ya vile vya mji, kimoja kikaandikwa jina la Rosa Parks, yule mama mweusi wa Marekani aliyepigania haki, na Machi 2022 baada ya utafiti mrefu kiongozi wa baraza la mji aliomba radhi hadharani kwa sehemu ya Glasgow kwenye utumwa. Mi nasema ilikuwa lazima, na bado haitoshi mpaka mtoto wa shule akipita Glassford Street aweze kusoma hapo hapo ukutani pesa ilitoka wapi.

Haya, George Square. Ni uwanja mkuu wa mji, jengo la baraza la mji limekaa upande mmoja, City Chambers, lilifunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1888, ndani ngazi za marumaru tupu. Katikati kuna nguzo ndefu na juu yake si mfalme bali mwandishi wa vitabu, Walter Scott, na uwanja umezoeleka kuwa na masanamu kila upande, James Watt wa injini ya mvuke, Robert Burns mshairi, wanasiasa, majenerali. Mwaka 2025 walianza kuukarabati wote na masanamu yakapelekwa kusafishwa. Mi mwenyewe ningefurahi waongeze mwanamke mmoja au wawili maana ukimtoa Malkia Victoria wote walikuwa wanaume.

Zamani kwenye uwanja huu alikuwepo mtu mwingine tunayemfahamu sisi vizuri sana, David Livingstone. Sanamu yake iliwekwa hapa mwaka 1879, baadaye wakaihamishia Cathedral Square, kwa hiyo twende huko, tunapita George Street tukaingie High Street. Njiani kuna michoro mikubwa ukutani na mmoja usiuache: mwanaume wa leo amevaa kofia na jaketi, kidoleni ametua ndege mdogo, nyuma ya kichwa chake duara la mwanga. Ni Mtakatifu Mungo, mwanzilishi wa mji, kachorwa kama jamaa unayeweza kumkuta kituo cha basi. Ndege ni yule anayesemekana alimfufua akiwa kijana, ndo maana kwenye nembo ya Glasgow kuna ndege, mti, kengele na samaki mwenye pete mdomoni, utaiona hata kwenye nguzo za taa.

Kanisa kuu lipo juu hapo, jeusi, zito, kuta zake nyingi ni za karne ya 12 na 13, na nyuma yake kilima kizima cha makaburi, Necropolis, kilifunguliwa 1833, matajiri wa mji walishindana kujenga makaburi marefu kama minara. Panda mpaka juu, mji wote unauona.

Livingstone amesimama uwanjani karibu na kanisa. Alizaliwa Blantyre, si mbali na hapa, na akiwa na miaka kumi tu aliingizwa kiwanda cha pamba kufanya kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku, akasoma udaktari hapa hapa Glasgow. Pamba ile nayo ilitoka kwenye mashamba ya watumwa, halafu mtoto huyo huyo wa kiwandani akaja kuwa mtu aliyepaza sauti kuhusu biashara ya watumwa kwetu, barua zake ziliwafanya watu wa Ulaya wajue kinachotokea kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa na Zanzibar. Hapo nampa heshima yake. Lakini kila nikisimama mbele ya ile sanamu nawatafuta wengine siwaoni. Yuko wapi Susi? Yuko wapi Chuma, wale Waafrika waliofuatana naye safarini? Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule ambako leo ni Zambia, hawa na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba mabegani miezi na miezi, vita, njaa, magonjwa, mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Ukienda Bagamoyo utaonyeshwa mahali mwili ulipolala. Watu waliofanya hivyo kwa mapenzi yao, hakuna aliyewaamuru, maiti ingeachwa pale nani angewauliza? Na Glasgow, mji unaojua kubadilisha jina la uwanja kwa ajili ya Mandela, hauna hata jiwe lenye majina yao pembeni ya sanamu hii. Mi hili linaniuma kabisa.

Sasa teremka. High Street inashuka moja kwa moja mpaka Glasgow Cross, mnara wa Tolbooth umesimama katikati ya barabara tangu 1626, magari yanauzunguka, hapo ndo ulikuwa moyo wa mji wa kale na hapo ndo wale mabwana wa tumbaku walikuwa wanatamba. Mbele kidogo kuna soko la Barras wikendi, nguo za mitumba, vyombo, viatu, mtu anauza kila kitu kwa kupiga kelele, ukitoka Karume au Gikomba hutashangaa chochote. Tusikae, twende mtoni.

Mto Clyde leo uko kimya, ni njia ya kutembelea, baiskeli, mtu na mbwa wake. Zamani ulikuwa nyundo na moshi kuanzia mjini kuteremka mpaka baharini na kulikuwa na wakati sehemu kubwa ya meli za dunia zinazaliwa kwenye mto huu. Na hapa ndipo nataka mtu wa pwani akae chini asikilize. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar kikaharibu meli za Sultan Barghash. Akaagiza nyingine, ikajengwa Dumbarton, chini kidogo ya mto huu, na kampuni ya Denny, na jina lake ikaitwa Glasgow. Ndiyo, meli ya Sultan wa Zanzibar iliitwa Glasgow. Ndo hiyo iliyotia nanga mbele ya kasri tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipoishambulia Zanzibar kwenye ile vita iliyoisha chini ya saa moja, ikajaribu kujibu mizinga, ikazamishwa pale pale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka, watu wa Forodhani wakiiona kila siku.

Na William Mackinnon? Mskoti aliyeanza kazi Glasgow kabla hajaenda India, meli za kampuni yake ya British India zilianza kuleta barua Zanzibar mwaka huo huo 1872, na mwaka 1888 kampuni yake nyingine ikapewa na Malkia kibali cha kutawala nchi ambayo leo ni Kenya. Msomaji wa Mombasa anayepita Mackinnon Road akienda Voi, pale penye msikiti kando ya reli, jina ni la huyo. Hata meli ya kwanza ya mvuke ya reli ya Uganda kwenye Ziwa Victoria iliitwa jina lake, na ilijengwa huku Scotland, ikaletwa vipande vipande.

Mi natokea Mwanza. Nimekua naisikia honi ya MV Victoria usiku inaondoka kwenda Bukoba, abiria wamejaa, ndizi, senene, magodoro, ndugu wanalia kwenye gati. Hakuna mtu wa Kanda ya Ziwa asiye na kumbukumbu ya ile meli. Na nimeishi Glasgow muda mrefu ndo nikaja kujua kwamba ilijengwa Scotstoun, magharibi ya mji huu huu, karakana ya Yarrow, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa mpaka Kisumu kuunganishwa, ikaanza safari mwaka 1961, mwaka wetu wa uhuru. Ilisimama 2014, ikakarabatiwa, 2020 ikarudi kazini na jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu. Siku niliyojua nilipanda basi nikaenda Scotstoun kuuangalia tu ule upande wa mto. Wanajenga meli za kivita siku hizi. Niliguswa sana, nilimpigia mama nikamwambia, mama, meli yetu ilizaliwa huku.

Ukifuata mto kwa miguu kutoka darajani Jamaica Street kuelekea magharibi utaiona winchi kubwa ya Finnieston, imesimama peke yake, ina uwezo wa kunyanyua tani 175, imekaa pale tangu miaka ya 1930. Kazi yake kubwa ilikuwa kupakia vichwa vya treni. Kaskazini ya mji, Springburn, kampuni ya North British ilikuwa inatengeneza vichwa vya treni kwa dunia nzima, na vikikamilika vinavutwa barabarani, vinapita mitaani katikati ya watu, watoto wanakimbia pembeni, mpaka kwenye winchi hii na meli. Vichwa vya mvuke vya reli ya Afrika Mashariki, vile vya miaka ya 1950 vilivyopewa majina ya makabila yetu, vingi vilitoka hapo. Kimojawapo kipo makumbusho ya reli Nairobi mpaka leo, nenda kakishike. Kampuni ilifilisika 1962.

Mbele kidogo kuna Riverside Museum, kuingia ni bure, ndani wameweka kichwa cha treni kikubwa kilichotengenezwa Glasgow na kufanya kazi Afrika Kusini, kikarudishwa huku mwaka 2007, unaweza kusimama chini ya magurudumu yake. Nimeshawaandikia watu wa mji kuomba hata picha moja iwekwe karibu yake, ya Mwanza au Kisumu au Tabora, na maelezo mafupi kwamba kazi ya mikono ya watu wa hapa ndiyo iliyotubeba sisi na mizigo yetu miaka yote ile. Wadau mlioko Glasgow mwenye picha za zamani za familia, babu aliyekuwa dereva wa treni, bibi kwenye gati ya Bukoba, nitumieni, naziweka pamoja niwapelekee na barua nyingine.